Aliyejibana Mwambani Kemambo

Watu wengi nikianza kuwasimulia jambo hili huniuliza kwanza kama siku ile nilikuwa nimekunywa. Sikuwa nimekunywa. Nilikuwa nimeokoka miezi mitatu tu nyuma, na mtu aliyeokoka juzi hagusi hata togwa iliyolala. Wala haikuwa usiku wa manane, kama mnavyopenda ninyi wasikilizaji wa habari za mizimu. Ilikuwa jioni, jua bado linaonekana, na macho yangu wakati huo yalikuwa mazima kiasi kwamba kuna watu walinilipa mshahara kwa sababu ya macho hayo. Kwa hiyo usiponiamini, sawa, ila usiseme sikuona vizuri. Kuona ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Nianze na kaka yangu Chacha, maana bila yeye hii ni habari ya ndege tu.

Tulikaa mlimani, Kemambo, kule Tarime, sisi na watu wengine wa ukoo wetu, kila boma na eneo lake. Mwaka ule wa kuhamishiwa vijijini malori yalipokuja kutuchukua, Chacha alikuwa amepeleka ng'ombe malishoni, mbali, upande wa mtoni. Hatukumngoja. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: tuliambiwa pandeni, tukapanda. Paa la nyumba yake likaezuliwa pamoja na mengine yote ili mtu asipate sababu ya kurudi. Siku ya tatu watu waliokwenda kuchukua magogo yaliyobaki waliwakuta ng'ombe wetu kwenye yale mahame, wamelala uani palepale walipozoea, hakupungua hata ndama. Chacha hakuwepo. Fimbo yake ilikuwepo, imeegemezwa ukutani, na nyumba haina paa.

Wapo waliosema amevuka kwenda Migori, Kenya. Wapo waliosema simba. Wapo waliosema amepotezwa, amefungwa na watu wabaya, anazunguka bila kujijua. Mama hakuchagua hata moja. Hakukubali tumlilie. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu, na kila nilipokwenda nyumbani likizo, kabla sijatua mfuko, kabla hata ya kuniitikia shikamoo yangu, alikuwa ananiuliza swali moja: "Umemwona?" Nami nilikuwa najibu hapana. Unajua inavyochosha kumjibu mama yako hapana kila mara? Ilifika mahali nikawa naahirisha likizo.

Sasa, ile kazi yangu. Niliajiriwa Ikoma, kwa watafiti wa ndege. Mkuu wetu alikuwa Bi Agnes, msomi kutoka Morogoro, mwanamke mwembamba asiyecheka saa za kazi. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ndege tuliokuwa tunawaita wote mbayuwayu si wamoja. Mbayuwayu anatua: kwenye waya, kwenye boriti, kwenye tope akichota la kujengea. Yule mwingine, mwenye mabawa yaliyopinda kama mundu, anayekupita kichwani ukamsikia kabla hujamwona, huyo ni teleka. Teleka hatui. Miguu yake mifupi mno, vidole vyote vinne vinatazama mbele, havifai kushika tawi wala kutembea. Anachoweza ni kujibana ukutani au mwambani, kifua kwenye jiwe. Anakula hewani, anakunywa maji akiwa anapita, na Bi Agnes alisema wapo wanaolala hukohuko juu. Akianguka chini kwenye tambarare, kunyanyuka kwake ni shida.

Na kumtambua huyo ndege ni kazi ya kukutoa machozi. Aina zake ni nyingi, na zote ni nyeusi ukiwa mvivu. Unamwona kwa muda wa kupepesa jicho, halafu hayupo. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu. Tunakwenda wawili. Mmoja ni wa kutazama, haondoi macho angani hata nzi akimwingia sikioni, na kila anachokiona anakitamka kwa sauti. Wa pili anakaa nyuma yake na daftari, anaandika. Wa kutazama akigeuka hata mara moja kuangalia daftari, ndege ameshakwenda. Na dalili zilikuwa tatu: kiuno, koo, mkia. Kiuno cheupe au cheusi, koo jeupe au la, mkia umegawanyika au umekatika sawa. Ukipata zote tatu, unamwandika jina. Ukipata mbili, unaandika "hakutambuliwa", hata kama moyo wako unajua ni nani. "Afadhali kumi wasiotambuliwa kuliko uongo mmoja," Bi Agnes alikuwa anasema, na alikuwa hatanii. Kuna kijana alifukuzwa kazi kabla yangu kwa kubahatisha.

Mwandishi wangu alikuwa Makuru, Mwikoma, mtu mwenye maneno kuliko kasuku, lakini akishika daftari ananyamaza kabisa. Anaandika tu. Kumbuka hilo.

Mwaka wa nne baada ya malori, Bi Agnes alitutuma Tarime kuangalia miamba. Alikuwa na fununu kwamba kuna teleka wakubwa wanazaliana huko na hakuna aliyewahi kuwaandika. Akafungua ramani, akaweka kidole. Kidole chake kilikuwa juu ya mlima wetu. Nikaenda kufunga mzigo. Ningemwambia nini? Kwamba naogopa kwetu?

Tulifikia kwa mama, kwenye kijiji kipya, nyumba za mstari. Akaniuliza lile swali lake, nikajibu kama kawaida, akatupatia uji wa wimbi. Kesho yake mchana tukapanda mlimani. Mahame yalikuwa yameshavamiwa na vichaka, huwezi kujua wapi palikuwa zizi na wapi palikuwa jiko. Nilipita haraka. Juu ya mahame pana mwamba mrefu wenye nyufa, na teleka walikuwepo wengi, wanazunguka wakipiga kelele, na mawingu ya mvua yanakusanyika upande wa ziwa. Tulifanya kazi mpaka alasiri. Wote walikuwa wale wadogo wa kawaida, kiuno cheupe, mkia mfupi. Kwenye saa kumi na moja maji yakatuishia. Makuru akaliweka daftari juu ya jiwe nyuma yangu, kalamu ya risasi katikati, akasema anateremka kwenye chemchemi.

"Ukimwona mkubwa mwambie anisubiri," akasema, akaenda.

Nikabaki nimesimama, macho juu. Nilikuwa situlii. Miguu ilikuwa inataka kwenda, nikawa nabadilisha mguu mmoja na mwingine. Na hapo ndipo alipotokea.

Alikuwa peke yake. Wenzake wote wanazunguka upande mmoja, yeye anazunguka kinyume. Anakuja moja kwa moja kwenye ufa uleule wa mwamba, anaukaribia mpaka unafikiri ataingia, halafu anapinda na kwenda tena. Kama mtu anayepita mbele ya nyumba yake na kukuta mlango haupo. Nikasikia kokoto nyuma yangu, nikajua Makuru amerudi. Sikugeuka. Niamini, kugeuka hakukunijia hata kichwani, ndivyo nilivyokuwa nimefundwa.

"Mkubwa," nikasema. "Karibu mara mbili ya wenzake."

"Nimeandika," sauti ikajibu.

"Kiuno cheusi. Hakuna weupe wowote."

"Nimeandika."

Ndege akapita tena, akanigeuzia tumbo. Nikasita, jua lilikuwa linanipiga machoni.

"Koo," sauti ikasema. "Taja koo."

Makuru alikuwa hajawahi kunihimiza. Nilikasirika kidogo, lakini ndege alikuwa anarudi.

"Koo jeupe. Si jeupe sana, la kijivu."

"Nimeandika. Na mkia, mura?"

"Umegawanyika," nikasema, ndipo lile neno lake la mwisho likanigonga. Makuru ni Mwikoma. Mura ni neno letu sisi Wakurya, la kumwita kijana wa kiume. Makuru aliniita majina mengi, mengine siwezi kuyatamka mbele ya wajukuu, lakini mura hajawahi.

Ndege akapotea nyuma ya mwamba. Nikageuka.

Daftari lilikuwa palepale juu ya jiwe, wazi. Hakuna aliyekaa. Hatua kama tano kutoka hapo, kwenye uso wa mwamba, palikuwa na mtu. Alikuwa amejibana kwenye jiwe, kifua na uso vimelala mwambani, mikono ameitandaza na vidole vimeingia kwenye nyufa. Amevaa kaptula ya kaki iliyochakaa, mgongo wazi, una vumbi. Miguu yake nayo ilikuwa imeshika ufa. Nyayo zake hazikugusa chini. Palikuwa na nafasi ya kiganja kizima kati ya nyayo na udongo, na niliona majani yanacheza pale katikati.

Unadhani nilikimbia? Nilibaki nimesimama palepale.

"Wewe ni nani?" nikauliza.

"Nitambue," akasema, bila kugeuza uso. Sauti ilikuwa ya haraka, imekauka, ya mtu aliyetoka kukimbia mbali.

Sasa, kwetu Wakurya mgeni huanzi na jina lake. Akina Chacha, akina Mwita, akina Marwa wamejaa kila kilima, jina peke yake halikuambii kitu. Unauliza ukoo. Unauliza lango, yaani wale wa babu mmoja. Halafu unauliza rika, wale aliotahiriwa nao. Hayo matatu yakikaa sawa, umemjua mtu, unaweza kumkaribisha ndani na kumchinjia. Nami sikuwa na kingine cha kushika, nikashika hicho.

"Ukoo wako?"

Akataja ukoo. Ulikuwa wetu.

"Lango?"

Akataja jina la babu yetu, yule aliyemzaa baba. Jina hilo mtu wa mbali angelijuaje? Lakini, nikajiambia, mtu wa karibu angelijua. Na mganga angelijua. Na siku hizo mtu asiye na barua ya balozi wa nyumba kumi alikuwa mtu wa kuogopwa, wezi wa ng'ombe walikuwa wanavuka huku na huku, na ukimkaribisha mtu usiyeweza kumweleza, kesho unaitwa wewe ofisini.

"Rika lako?"

Teleka walikuwa wanapiga kelele juu yetu. Niliona mbavu zake zinapanda na kushuka.

"Rika walipelekwa huku na huku," akasema mwisho. "Hawa kijiji hiki, hawa kijiji kile. Nimepita juu yao wote. Sijui nihesabiwe wapi."

"Geuka nikuone uso."

"Nikigeuka nitaanguka. Nikianguka sitanyanyuka."

Nitakwambia nilivyofikiri wakati ule, uone jinsi mtu anavyoweza kuwa mpumbavu kwa adabu zake zote. Nilifikiri: nina dalili mbili. Kweli, nilifikiri hivyohivyo. Mgongo ule niliujua, nilikuwa nimebebwa juu yake kuvuka mto kila masika nikiwa mdogo. Lakini nina dalili mbili, ya tatu sina, na mama yuko kule chini amengoja miaka minne. Nikimpelekea habari ya uongo nitamuua. Hiyo ndiyo sababu nzuri niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kuwa si yeye, na niliogopa zaidi kuwa ni yeye, kwa kuwa angeniuliza kwa nini hatukumngoja.

"Sikutambui," nikasema. "Siwezi kusema jambo ambalo sina hakika nalo."

Hakubisha. Laiti angebisha.

"Haya," akasema, kwa upole, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Halafu vidole vyake vikaachia mwamba.

Hakuanguka. Hapo ndipo watu wananiangalia vibaya, na mimi nasema palepale: hakuanguka. Kitu kilinipita sikioni kwa kasi, upepo wake ukanigusa shavu, nikainama bila kupenda. Nilipoinua kichwa, mwamba ulikuwa mtupu. Teleka wote waliondoka kwa pamoja kuelekea kaskazini, na kelele zikakatika.

Makuru alinikuta nimekaa chini. Alikuwa na dumu la maji begani na wimbo mdomoni. Akaniuliza kama nimemwona mkubwa, nikamwonyesha daftari. Akasoma. Akacheka kwanza.

"Ndugu yangu, huu mwandiko wa nani? Umeandika kwa mguu?"

Kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka, akaliweka daftari chini taratibu. Nilichukua nikaangalia mwenyewe. Herufi kubwa, zimelala upande, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imechanika sehemu mbili. Mimi ndiye niliyemfundisha Chacha kuandika, kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, chini ya taa ya chemli. Niliwahi kumgombeza mara ngapi, "Kaka, usikandamize, hulimi shamba." Palikuwa na yote niliyoyatamka: mkubwa, kiuno, koo, mkia. Chini yake palikuwa na mengine ambayo sikuyatamka kwa sababu sikuyaona. Kwamba kifuani ana mabaka madogo ya kijivu. Kwamba bawa la kushoto limepungukiwa unyoya mmoja. Na mstari wa mwisho: amezunguka hapa siku nyingi, hajatua.

Tuliteremka mlimani. Nilikuwa nimeamua kumficha mama, Mungu anisamehe. Nilipanga kulala, kuamka, kupanda gari la asubuhi mpaka Nkende, mjini Tarime, na kusahau. Lakini nilipoinama kuingia mlangoni, yeye akiwa jikoni na mgongo wake kwangu, akauliza kama alivyouliza siku zote.

"Umemwona?"

Jaribu wewe kujibu hapana. Mimi sikuweza. Nilikaa kwenye kigoda nikamwambia yote, tangu kokoto mpaka daftari. Alisikiliza huku anasonga ugali, hakuacha kusonga, mpaka ugali ukaungua. Makuru alitoka nje.

"Ulimwita?" akauliza.

"Nilimuuliza ukoo. Nilimuuliza lango na rika."

"Sijauliza hayo. Nimeuliza kama ulimwita jina. Mtu aliyepotezwa hajijui, ndiyo maana anakuja kwako umjue wewe. Ukimtaja jina anatua. Ungesema Chacha. Hata kama si yeye, ungepoteza nini?"

Nikainuka, nikaepua ule ugali ulioungua.

Alfajiri tulipanda pamoja, mama na fimbo yake, mimi nyuma. Akasimama pale mwambani akaita. Aliita jina la kaka yangu la utotoni na la ukubwani, akaita mpaka sauti ikawa mkwaruzo. Teleka wadogo walikuja, wakazunguka. Yule mkubwa hakuja. Jua lilipokuwa kali nikamwomba turudi. Hakunigombeza. Ningeona nafuu kama angenigombeza. Alisema tu, njiani, kwa sauti ile iliyobaki, "Alikuja kwako, mwanangu. Miaka yote hii nilidhani atakuja kwangu."

Alipanda mlima ule kila jioni ya mvua kwa miaka saba, mpaka miguu ikakataa. Na toka siku ile hakuniuliza tena kama nimemwona.

Na ndege? Aa, ndege alitambuliwa. Bi Agnes alisoma ukurasa ule akiwa amesimama, kisha akaketi, kisha akasoma tena. Akasema ni teleka mkubwa wa miambani, hakuna shaka, na kwamba mabaka ya kifuani mtu hawezi kuyaona mpaka amshike ndege mkononi, sasa tuliyaonaje? Nikasema mwandishi wangu ana macho mazuri. Akanipongeza mbele ya wenzangu, siku hiyo alicheka hata yeye. Jina la ndege likaingia kwenye vitabu vyao pamoja na jina la mlima wetu. Miezi miwili baadaye niliacha kazi.

Tangu hapo sikai mahali. Nimeshajenga nyumba tatu, Tarime, Mugumu, nikarudi Tarime, na kila moja nimeihama kabla ya chokaa kukauka. Mke wangu alizoea, halafu akachoka. Masika yakikaribia na wale ndege wakianza kelele zao, siwezi kumaliza chakula nikiwa nimekaa. Natoka nje, naita. Majirani wanajua, wanawaambia watoto wao wasinicheke. Naita Chacha, mara moja, mara mbili, na kwa kuwa nchi yetu haiishiwi akina Chacha, mara nyingine anaitika mtu mzima kabisa anayepita na baiskeli yake, ananiuliza, "Unasemaje, mzee?" Namwambia apite salama.

Basi na wewe unayenisikiliza, nikuombe kitu kimoja. Ipo siku mtu atasimama mbele yako bila barua, bila mdhamini, uso hauuoni vizuri, na atakuambia umtambue. Usimuulize mambo matatu. Kama kuna jina la mtu wako lililokupanda kifuani wakati ule, liseme hapohapo, kwa sauti, hata kama litakuwa la mtu mwingine. Ukikosea utaonekana mjinga kwa siku moja. Mimi sikutaka kukosea, na mama yangu tulimzika bila mtoto wake mkubwa kuwepo kutupa udongo.